Kilwa Kutoka Sitahani

Meli ndogo za watalii zinazopita pwani yetu zina jambo moja ninalolisifu: humfikisha mgeni Kilwa Kisiwani kwa njia inayostahili. Mji ule ulijengwa uonekane kutoka baharini. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, limekaa juu ya jabali likitazama maji, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 hakuja kwa barabara.

Kasoro iko wapi, basi? Iko katika haraka. Wageni hushushwa asubuhi, wakaonyeshwa Msikiti Mkuu na Gereza, na kabla ya adhuhuri wamekwisha rudi melini. Maelezo nayo, nimeyasikia kwa masikio yangu, yalianzia kwa Wareno walioutwaa mji mwaka 1505, kana kwamba kisiwa kilikuwa kikiwangoja wao. (Mwanachuo wangu angeanza somo hivyo, ningemsimamisha papo hapo.) Sarafu za shaba zilizofuliwa Kilwa kwa majina ya masultani wake hazikutajwa. Na wavuvi wanaoishi kando ya magofu hayo hawakuulizwi neno; walipigwa picha tu.