Mvuke Hauonekani: Namna ya Kuipima Picha ya Gari la Moshi

Mpwa wangu aliporudi kutoka Nairobi alinitandikia picha ishirini na tatu juu ya mkeka, barazani kwangu hapa Kitaya, nasi tukaketi mbele yake tangu alasiri hata magharibi, yeye akingojea sifa nami nikitafuta kasoro, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi yetu tangu aliposhika kazi hii ya kupiga picha. Zote zilikuwa za injini moja, nambari 3020, iitwayo Nyaturu kwa jina la ndugu zetu wa Singida, iliyoundwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950 na sasa ni mali ya Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Naye alibahatika kuwapo siku ilipotiwa moto.

"Mjomba, zote zimetoka safi," aliniambia.

"Usafi ni sifa ya nguo," nikamjibu. "Lete taa."

Huenda msomaji akastaajabu kwamba mtu wa ukingo wa Ruvuma, mahali pasiposikika mlio wa treni, ajitwike hukumu ya magari ya moshi. Lakini sisi watu wa Mtwara tulipata kuwa na reli yetu, ile iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, ikaja ikafungamana na bandari ya Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954, ilhali mradi wenyewe ulikwisha vunjwa tangu 1951. Nayo reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa, wazee wakabaki na hadithi. Basi atakaye mvuke leo sharti apande hadi Nairobi, kwenye makumbusho hayo yaliyofunguliwa mwaka 1971 kando ya stesheni.

Sasa nije kwenye maarifa yenyewe. Jambo la awali, ambalo asiyelijua hawezi kupambanua picha njema na mbaya hata akitazama elfu, ni kwamba mvuke hauonekani. Mvuke wa kweli, ule utokao katika boila ukiwa mkali na mkavu, hauna rangi wala umbo, ni kama hewa. Na lile wingu jeupe tulionalo likipaa juu ya injini ni mvuke uliokwisha poa na kurejea kuwa matone ya maji, madogo mno yasiyohesabika. Tazama vali ya usalama inapofunguka: baina ya mdomo wake na wingu pana nafasi tupu, ya shubiri moja au zaidi, ambapo jicho haliambulii kitu, na ndipo palipo na nguvu yote. Mpiga picha mwenye ustadi huiacha nafasi hiyo ionekane dhahiri, na mjuzi aitazamapo picha huitafuta kwanza, kabla ya kutazama injini. Katika picha ishirini na tatu za mpwa wangu niliiona katika mbili.

Kwa hiyo picha ya gari la mvuke, ukiitafakari vema, ni picha ya hewa. Hewa ikiwa baridi na yenye unyevu, wingu huumuka na kukaa. Ikiwa ya joto na kavu, humezwa mara moja, na gari likaonekana limezimika ingawa linavuta kwa nguvu zake zote. Sisi wa hapa hatuhitaji kuhadithiwa haya, maana wakati wa kusi, miezi ya Juni na Julai, alfajiri huinuka ukungu juu ya Ruvuma na kulala juu ya mashamba ya mpunga, kisha jua likipanda kidogo tu unatoweka kana kwamba haukuwapo. Nairobi imekaa juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,600, na asubuhi zake za Julai humlazimisha mtu wa pwani kuvaa sweta mbili. Huko wingu la injini huwa nene na kurefuka nyuma ya mabehewa kama kilemba kilichofunguka. Ila kila neema ina kodi yake: baridi ya Julai huja na mbingu ya kijivu, na wingu jeupe mbele ya mbingu ya kijivu halionekani. Dawa yake ni kutafuta nyuma ya gari kitu cheusi, kama vile mteremko wa udongo, kuta za ghala au safu ya mikalitusi, ili weupe upate kusimama. Mpwa wangu alilisahau hilo mara kumi na moja, nami nikazigeuza picha hizo kifudifudi bila ya kusema neno.

Sasa moshi. Watu wengi hudhani kwamba moshi mweusi uliotanda mbingu nzima ni alama ya nguvu, na wapiga picha wengine huwabembeleza wafanyakazi wa injini wautoe makusudi. Hiyo ni ghururi. Injini za Afrika Mashariki za zama hizo zilichoma mafuta mazito, na mafuta yakipata hewa ya kutosha huungua vizuri, dohani likatoa ukungu mwepesi wa kijivu; moshi mweusi ni mafuta yaliyomwagwa zaidi ya hewa, yaani ni upotevu, na fayamani mwenye staha huuonea haya. Upo wakati mmoja unapokuwa halali: fayamani atupapo mchanga ndani ya tanuri, nao ukavutwa kwa kasi ya moto na kukwangua masizi yaliyoganda ndani ya mabomba ya boila, ndipo dohani hutapika weusi mzito kwa muda mfupi, kisha likatakasika. Ukiwa na picha ya moshi mweusi, uliza ilipigwa wakati gani. Na kama jibu ni kwamba dereva aliombwa, irudishe kwa mwenyewe.

Katika magurudumu hukumu ni nyepesi. Vile vyuma virefu viungavyo gurudumu kwa gurudumu na viwe chini ya mzunguko wake, kwa maana vikiwa juu hukata magurudumu kwa mstari usiopendeza na mwendo ukaonekana umekwama. Kasi ya kamera nayo ina fitina: kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde injini huganda kama iliyoegeshwa, na kwa sehemu moja ya thelathini, kamera ikiifuata, dunia yote huwa michirizi, mimi hupenda katikati, mwili wa injini uwe wazi na vyuma hivyo viwe vimetaharaki kidogo. Na mwanga uwe wa chini. Karibu na ikweta jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi, likaangaza mgongo wa boila na kuliacha tumbo lote gizani, hivyo baada ya saa tatu asubuhi mtu mwenye akili hufunga kamera yake, akanywa chai mpaka saa kumi alasiri.

Katika yale makumbusho ipo pia nambari 5918, Mount Gelai, mmoja wa wale mafahali 34 waliotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila mmoja uzito wake takriban tani 252, wala hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hao juu ya reli ya upana wa mita moja ulimwenguni. Wageni humpiga picha kwa mbele, wakapata tangi la maji lenye taa, basi. Fahali huyo ana mafungu mawili ya magurudumu na boila lake limening'inizwa katikati, kwa hiyo asiyesogea ubavuni hajampiga picha.

Lipo suala la uaminifu, ambalo wenzangu wengi hulipita haraka. Katika safari zinazoandaliwa kwa ajili ya wapiga picha gari husimama, abiria wakashuka, likarudi nyuma na kupita tena kwa ajili ya kamera. Sioni ubaya, maana moto ni moto na mzigo ni mzigo. O. Winston Link wa Marekani, aliyezipiga usiku injini za Norfolk and Western kwa mataa makubwa aliyoyapanga kwa siku kadhaa, aliifanya kazi yake yote kwa mpango. Lakini katika ile picha yake mashuhuri ya mwaka 1956, gari likipita kando ya uwanja wa sinema huku ndege ikionekana kwenye skrini, ndege hiyo aliitia baadaye kutoka katika negativu nyingine, kwa kuwa mataa yake yaliifanya skrini kuwa nyeupe tupu. Naistahi picha ile, na kila niitazamapo jicho langu huikwepa ndege.

Zilipobaki picha mbili juu ya mkeka, mpwa wangu aliinyakua moja na kutaka kuificha chini ya goti.

"Hii niliikosea, Mjomba. Gari lilikuwa linang'oa nanga, likanifunika."

Nikampokonya. Injini inapoanza mwendo hufungua vijibomba chini ya silinda ili yatoke maji yaliyokusanyika humo, kwa kuwa maji hayashindiliki na yangeweza kuipasua silinda. Na ndicho kilichotokea hapo, mvuke umeruka mbele na kando, ukapoa, ukaimeza reli na mataruma. Kilichoonekana ni ile namba 3020, kiwiko cha dereva kilichoegemea dirisha, na karibu na chuma, mahali pembamba patupu ambapo mvuke ulikuwa haujawa wingu.

"Lakini magurudumu hayaonekani hata moja," akasema.

"Hayaonekani," nikamwambia, nikaipeleka ndani, nikaisimamisha juu ya kabati la vikombe; zile ishirini na mbili akazirudisha katika bahasha yake.