Ngozi Yenye Njia za Umeme
Ukitazama mchoro wa Eddy Kamuanga Ilunga, jicho hutangulia kwenye kitenge. Ni kitenge cha waksi kilichokunjamana juu ya mwili wa mtu, na kila mkunjo umepewa kivuli chake, uzito wake na mwanga wake, hata mkono unatamani kukishika. Ukitoka kwenye nguo ukapanda hadi shingoni na usoni, unatarajia ngozi ya binadamu iliyochorwa kwa subira ileile. Huikuti. Unakuta weusi uliojaa mistari myembamba inayonyooka, inayokata kona, inayoishia kwenye vidoti: njia za umeme, kama zile anazozikodolea macho fundi simu akishafungua simu mbovu mezani kwake.

Ilunga alizaliwa Kinshasa mwaka 1991. Aliingia chuo cha sanaa cha jiji hilo, akakiacha mwaka 2011, akaanzisha na wenzake karakana ya M'Pongo. Amewachora sana Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo. Mistari ya ngozini inatokana na koltani, madini yanayotoa tantalamu, metali inayotumika kwenye vifaa vidogo vya kutunza chaji ndani ya simu.

Wapo wanaomweka kwenye kundi la uhalisia uliokithiri. Nakubali nusu. Wachoraji wa kundi hilo hujipima kwenye ngozi: vinyweleo, jasho, mng'ao wa mafuta kwenye paji la uso. Ufundi huo Ilunga anao, na ushahidi ni nguo. Mwili ameunyima kwa makusudi. Na nguo yenyewe ina safari ndefu, maana waksi ilianza kwa Waholanzi kuiga batiki za Java. Kwa hiyo kilicholetwa kutoka nje ndicho kinachoonekana kitimilifu, na mwili wa mwenyeji ndio uliogeuzwa kuwa kifaa. Hoja nzima imo kwenye mpaka huo, pale upindo wa kitenge unapogusa bega.

Sisi wa Maganzo, Tanzania, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, tumezoea picha iliyo kinyume cha hiyo. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui, kwenye mgodi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, almasi ya waridi ya karati 54.5. Alizawadiwa nayo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Bruchi hiyo imepigwa picha miaka na miaka. Jiwe unaliona kila upande, ila mkono uliochekecha mchanga huuoni popote. Ilunga hachori jiwe hata punje. Madini unayajua kwa alama yaliyoiacha mwilini, na alama hiyo haioshwi kama tope la mbeshi, mchimbaji wa wizi, anayerudi nyumbani alfajiri.

Kuna jambo linalonisumbua. Turubai baada ya turubai mistari ileile hutanda juu ya kila mwili, na wakati mwingine naiona kama chapa ya mchoraji kuliko jeraha la mchorwa. Uso wa mmoja ukifunikwa sawasawa na uso wa mwingine, tunapoteza kilichomtofautisha mtu na jirani yake, na hilo ndilo kosa la wanaohesabu wachimbaji kwa mafungu.

Kinachoziokoa kazi zake ni mikao. Nyuma ya watu wake mara nyingi pametulia, hakuna mandhari ya kukimbilia, kwa hiyo unabaki na mabega. Mabega yamelegea, kichwa kimeinama, macho hayakutafuti. Huku kwetu mtu aliyebeba viroba vya mchanga wa almasi tangu asubuhi hanyooshi mgongo mara tu anapotua mzigo wa mwisho. Hukaa kwanza vilevile, amejikunja, mikono inaning'inia katikati ya magoti, shingo bado iko chini ya kiroba ambacho hakipo tena.