Saini ya injinia na bolti iliyovunjika

KILA mwaka, wanafunzi wa vyuo vya kiufundi kisiwani Mombasa huenda bandarini, viwandani na kwenye karakana kujifunza kazi. Wenyewe huita atachimenti. Hupewa daftari la kuandika kazi ya kila siku, kisha ripoti mwishoni, na mhandisi au fundi mkuu hutia saini. Hoja yangu wiki hii ni kwamba saini hiyo mara nyingi hutolewa bure.

Nimeyapitia madaftari kadhaa ninayoletewa niyakosoe lugha. Wino wa msimamizi unaonekana kwenye tahajia. Kwenye maana, kimya. Mwanafunzi mmoja aliandika, kwa Kiingereza, sentensi ambayo kwa Kiswahili ingesomeka ama "bolti ilivunjwa" ama "bolti ilivunjika". Msimamizi akatia alama ya vema. Vema ya ipi?

Kauli ya kutendwa inadai mtendaji hata asipotajwa: kuna aliyeshika nyundo na tindo, pengine kwa sababu bolti ilishika kutu ikakataa kufunguka. Kauli ya kutendeka haimwelekezei mtu kidole, bolti imezidiwa. La kwanza ni ukarabati wa kawaida. La pili ni onyo kuwa huenda mzigo ulizidi au chuma ni hafifu, na atakayefunga bolti nyingine ya aina hiyo bila kujua anamwekea mwenzake hatari. Kiingereza huweza kuyafunika yote mawili kwa umbo moja. Kiswahili, lugha inayozungumzwa karakana nzima, kinayatenga kwa silabi.

Wahandisi hujitetea: "Mimi injinia bwana, si mwalimu wa lugha." Hoja hii haina mashiko. Mwalimu wa lugha hakuwapo bolti ilipoachana. Anaweza kufundisha kauli zote za vitenzi, lakini ipi ni ya kweli anajua aliyekuwapo. Amwulize tu mwanafunzi: hebu nieleze kwa Kiswahili, ilivunjwa au ilivunjika?

Saa nazo zina mtego wake. Fundi asema mtambo ulizimwa saa mbili, mwanafunzi aandika 2:00 badala ya 8:00, na hakuna anayeshtuka.

Mji wa Kale, uliotangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, una funzo jingine. Nyumba zake kongwe ni za matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na miti ya mikoko. Fundi wa huko haiiti miti hiyo kwa jina moja. Ana fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila jina na unene wake, kutoka mwembamba hadi mnene. Mwanafunzi wa ujenzi anayeandika "mbao" kwa zote amepoteza kipimo alichopewa bila malipo. (Wengine huona haya kuandika neno la fundi, kana kwamba usomi ni kulisahau.) Inafaa aandike boriti, kisha aongeze unene kwa sentimita.

Namjua fundi mmoja wa huko anayefanya vizuri kuliko wahandisi wengi wenye mihuri. Jioni humwita kijana: "Haya mwanangu, nisomee ulivoandika, mimi nifanye." Kijana akijibu, "Ami, hapo nilimaanisha..." humkata: "Maana ya moyoni siioni. Andika." Anapokwama yeye, sentensi hurudi kuandikwa upya. Hajataja sarufi hata mara moja, na daftari za vijana wake husomeka.

Najua nitaambiwa hakuna muda, meli ziko gatini. Lakini kurasa za wiki moja, zikisomwa kwa sauti Ijumaa huku chai ikinywewa, zitakula dakika kumi au kumi na tano. Vyuo navyo vinaweza kuongeza mistari miwili kwenye fomu, juu ya nafasi ya saini: swali ambalo msimamizi alimwuliza mwanafunzi juma hilo, na jibu alilopewa.