Pongezi kwa Darasa la Norwich

Mwaka 2017 ulikuwa wa neema kwa shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich, Uingereza. Juni, Naomi Alderman alitwaa tuzo kubwa ya riwaya za wanawake kwa kitabu chake The Power. Oktoba, Kazuo Ishiguro akatangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Wote wawili walipitia darasa hilo. Hongera zao, na hongera zaidi kwa walimu.

Nasema zaidi kwa sababu Malcolm Bradbury na Angus Wilson walipoanzisha kozi hiyo mwaka 1970, Waingereza wengi hawakuamini kuwa utunzi unafundishika chuoni. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mmoja tu, Ian McEwan. Kozi ya mtu mmoja ni rahisi kuifuta, wao waliilea.

Kinachonigusa hasa ni kazi yenyewe. Mwanafunzi huleta mswada, wenzake huusoma, kisha humweleza bila kumficha ni wapi msomaji anachoka na wapi anapotea, naye hurudi kuandika upya. Ni kazi ya subira isiyo na makofi.

Ishiguro, aliyefundishwa pale na Angela Carter, alihitimu mwaka 1980. Nobel ikaja miaka 37 baadaye. Wilson, Carter na Bradbury walikuwa wameshafariki. Pongezi hizi ni zao pia.