Mlango wa Chuo Kikuu

Watu wengi husema ya kwamba chuo kikuu kizuri ni kile kinachokataa wengi. Wakisikia kuwa waombaji elfu wamekuja na mia tu wamepokelewa, hukisifu. Wakisikia kuwa wote wamepokelewa, hukidharau. Leo twataka kulipima neno hilo kwa kitabu cha Profesa Mahmood Mamdani juu ya Chuo Kikuu cha Makerere, kilichotolewa mwaka 2007. Kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, tena kigumu, twawaeleza wasomaji wetu kiini chake.

Makerere si mgeni kwetu watu wa ziwa. Kilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, na baadaye kikawa kwa miaka mingi chuo cha juu cha nchi zetu za Afrika Mashariki. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alisoma huko tangu mwaka 1943 hata 1945. Siku zile mlango ulikuwa mwembamba sana. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi walikuwa hawajafika elfu kumi. Ndipo fedha za serikali zilipopungua, chuo kikaanza kuwapokea wenye kujilipia ada, na kabla ya mwaka 2005 hesabu yao ilikuwa imepita elfu thelathini.

Mafundisho yakaharibika, na wengi wakataja sababu moja tu: mlango umepanuliwa mno. Hapa ndipo tunapomsifu Profesa Mamdani, ambaye alifundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na baadaye Makerere kwenyewe. Yeye hatosheki na jibu jepesi. Atenga mambo mawili yanayofanana kwa nje. Kuwapokea wanafunzi wanaolipa ni jambo moja. Kuyageuza masomo yenyewe ili yavute walipaji ni jambo jingine, na hili la pili ndilo ugonjwa. Aonyesha jinsi idara zilivyoshindana kubuni kozi mpya, moja ikitwaa kazi ya nyingine, mradi fedha iingie. Wanafunzi wakaongezeka upesi kuliko walimu, vyumba na vitabu. Basi kosa halikuwa wingi wa wageni, bali ni mwenyeji aliyewaalika bila kuongeza chungu jikoni.

Lakini kitabu hiki kina upungufu kwa msomaji wa kijijini. Kimejaa habari za kamati na magomvi ya idara, hata mtu aweza kupotea kama katika msitu. Tena kimesimama ndani ya ua wa chuo, na sisi wa Misungwi tunautazama mlango kwa nje. Kwa hiyo twaongeza neno letu.

Mtihani wa Kidato cha Sita haupimi akili peke yake; hupima pia shule aliyotoka mtoto. Mmoja alikuwa na mwalimu wa hesabu na maabara. Mwingine alishiriki kitabu kimoja na wenzake watano. Chuo kinachomchagua wa kwanza hupata sifa kwa kazi iliyofanywa na watu wengine. Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Mkulima wetu wa mpunga hutia mbegu majini na kuzitupa zinazoelea, naye afanya vema. Lakini akizipanda zile nzuri katika jaluba lililokauka, atavuna nini?

Hatusemi kwamba mlango uachwe wazi ovyo. Kumwingiza kijana asiyejua hesabu katika uhandisi, na kumwacha bila msaada, ni kumla ada yake bure. Lakini iko njia nyingine. Jimbo la California, huko Marekani, lilifanya mpango mwaka 1960: chuo kikuu cha jimbo kichague katika sehemu ya nane iliyo bora ya wahitimu wa sekondari, vyuo vya daraja la pili vichague katika theluthi iliyo bora, na vyuo vya miaka miwili viwapokee wengine wote, na anayefanya vema huko aweze kuvuka kwenda juu. Hivyo mchujo upo, wala si hukumu ya maisha.

Jambo hili si la jirani tu. Mwaka uleule wa 2007 serikali yetu ilianzisha Chuo Kikuu cha Dodoma, kikusudiwe kuchukua wanafunzi 40,000. Wako wanaokiogopa kwa sababu ya ukubwa wake. Sisi twasema, ukubwa si dhambi, wala udogo si wema.

Basi mzazi auzaye ng'ombe ili mwanawe asome asiulize tu, “Wamekataliwa wangapi?” Aulize: mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Vitabu vyatosha? Aliyeingia akiwa dhaifu husaidiwaje, na atokapo ajua nini asichokijua alipoingia? Majibu ya maswali hayo ndiyo sifa ya chuo. Kitabu cha Profesa Mamdani chatufundisha kuyauliza, na kwa hilo twamshukuru.