Imekuenea, Haijakukaa

Kijana aliyeniuzia kofia Darajani, kumi la mwisho la Ramadhani, hakunitazama kichwa. Aliuliza namba, akachomoa moja kutoka mfuko wa nailoni, na nilipoomba kioo akanigeuzia simu yake upande wa kamera. "Imekutoa, mzee wangu," akasema, naye keshamgeukia mwengine. Ilinibana kwenye paji la uso. Nikalipa, maana nyuma yangu watu walikuwa wakisukumana.

Sikumlaumu sana. Mimi mwenyewe niliingia katika biashara hii nikiwa hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka 17 nilipopelekwa kwenye duka moja la nguo za kiume, Mchangani, kwa mtu niliyemwita Ami ingawa hatukuwa na udugu. Nilidhani kazi ni kusifu. Kila aliyejitia kanzu nilimwambia imempendeza, na kweli walinunua.

Ami alinivumilia wiki mbili. Kisha nikamuuzia mtu mzima mmoja kanzu ya inchi 56, tetroni nyeupe, iliyobana kifuani kama zilivyopendwa wakati ule. Akatoka nayo radhi kabisa. Hajafika kona ya pili, Ami akanituma nikamwite. Akamvisha tena, akamsimamisha katikati ya duka. "Hebu rukuu, sheikh wangu." Bwana akarukuu. Kanzu ikapanda mpaka nusu ya muundi, mgongoni ikakaza kama ngoma. "Sasa kaa kama uko kwenye attahiyatu." Mshono wa ubavuni ukalia. Ami akamrudishia fedha zake, akamwagizia kahawa, akamuahidi nyingine. Mimi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Imemwenea. Haijamkaa."

Miaka sita niliyokaa pale ilikwenda katika maneno hayo mawili. Kuenea ni habari ya inchi, mtoto wa skuli anaweza kuipima. Kukaa ni habari ya mtu mwenyewe: bega lipi limeshuka, anatembea kwa haraka au kwa madaha, anavaa makubadhi au viatu vya kufunga. Ami hakupima urefu wa kanzu kabla ya kutazama miguuni. Futi kamba ilining'inia shingoni mwake huku akiuliza bei ya samaki, na mpaka aitoe jicho lilikuwa limekwisha kazi. Koti la juu ya kanzu alilitazama kwa nyuma. Mvaaji haoni mgongo wake, alisema, wanaouona ni wanaoswali nyuma yake.

Alijifunza hayo miaka ya uhaba, kabla ya ruksa ya Mzee Mwinyi, kanzu moja ya Sikukuu ilipovaliwa mpaka ikapauka. Ukikosea, mtu alitembea na kosa lako Idi nne, tano. Nguo yenyewe aliijua kwa vidole. Bafta, melimeli, doria, alizitaja macho yamefumbwa. Hata marekani alikuwa na kipande chake sandukuni, pamba ile ngumu iliyokuja na merikebu za Salem enzi za Seyyid Said, aliyetiliana mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Jina la nchi likawa jina la kitambaa.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni faroma. Zilipangwa ukutani, vigogo vya mti vilivyong'aa kwa wanga na mikono, na chini ya kila kimoja jina la mwenye kichwa kwa herufi za Kiarabu. Kila Jumatano wateja walileta kofia zao za viua na bulibuli, kazi za wanawake waliozishona miezi kwa miezi, ili ziwahi Ijumaa. Tulizifua kwa vidole, tukazitia wanga, tukazivika faroma zikiwa mbichi, zikakauke kivulini. Wanga ukiwa mzito, matundu huziba. Ukiwa mwepesi, kofia hulala. Nilizilaza nyingi.

Mteja alipofariki Ami hakufuta jina. Alipandisha faroma yake safu ya juu, karibu na dari. Siku moja akaja kijana na kofia ya marehemu baba yake, anataka ipunguzwe aivae siku ya nikahi. Ami akapanda kiti, akaishusha faroma, akaivika ile kofia, ikakaa sawasawa. Wakaitazama wote wawili. "Hii ina kichwa chake, mwanangu. Iweke." Hakumuuzia kitu siku ile. Mwezi wa pili yule kijana alirudi, na faroma mpya ikaandikwa jina.

Siku hizi harusini nahesabu makoti ambayo lebo bado imeshonwa mkononi. Ami aliikata kwa wembe mwenyewe kabla ya kutoa chenji, asiyejua asije akaaibika. Sasa muuzaji haoni, mnunuzi haulizi, na wengine wanaidhani pambo. Kofia zinashuka kwa maboksi kutoka China, viua vyake vimetobolewa na mashine. Duka la Ami linauza makava ya simu. Faroma sijui zilikwenda wapi; niliuliza, na aliyepo sasa hakulijua neno.

Usiku ule wa Darajani nilikoroga wanga, nikailowesha kofia yangu ya mashine, nikaivika juu ya bakuli la supu nililolipindua. Bakuli lina mdomo uliopinda, na asubuhi upande mmoja ulitoka umeinuka. Ndiyo niliyoswalia Idi.