Hotuba Isiyo na Wasikilizaji: Uhakiki wa Insha ya Hotuba katika Shule za Sekondari

UTANGULIZI

Katika mafunzo ya Kiswahili nchini Kenya, hotuba ni mojawapo ya insha ambazo mwanafunzi hawezi kuzikwepa. Mtihani wa Cheti cha Elimu ya Sekondari, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, una karatasi nzima ya insha. Swali la kwanza la karatasi hiyo ni la lazima, nalo humtaka mtahiniwa aandike insha ya kiuamilifu: barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano, mahojiano au hotuba. Insha hutakiwa isipungue maneno 400, na hupewa alama 20. Kwa utaratibu huu, mwanafunzi amalizapo kidato cha nne huwa amekwisha fundishwa jinsi ya kuandika hotuba, hata kama hajapata kusimama mbele ya watu na kuisema.

Makala haya yanakusudia kuihakiki hotuba hiyo ya shuleni. Hoja inayotetewa ni moja: kasoro kubwa ya hotuba za wanafunzi si ya sarufi wala ya msamiati, bali ni kwamba hotuba hizo haziambiwi mtu. Huanza kwa kuwataja wasikilizaji kwa vyeo vyao vyote, kisha huwasahau hadi wakati wa kuwashukuru. Mfano utachukuliwa Nkoroi, katika kaunti ya Kajiado, mahali ambapo mwanafunzi anao wasikilizaji wa namna nyingi, na anayo mambo ya kweli ya kuwaambia.

KAWAIDA YA HOTUBA YA SHULENI

Muundo unaofundishwa wajulikana na kila mwalimu. Kwanza ni itifaki: mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi, na wanafunzi wenzangu. Pili ni salamu na maneno ya kufurahia nafasi ya kusema. Tatu ni hoja, moja katika kila aya, zikitanguliwa na "kwanza", "pili" na "fauka ya hayo". Mwisho ni methali moja au mbili, na shukrani. Mwenye kuufuata muundo huu bila makosa mengi ya lugha hupata alama za kuridhisha.

Si haki kuudharau muundo huo. Wanafunzi walio wengi katika shule za bara hawakuzaliwa katika Kiswahili sanifu. Nyumbani yawezekana wanasema Kimaasai, Kikuyu, Kikamba au Kiluo, na njiani wanasema Sheng. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, kielezo ni fimbo ya kumsaidia kuvuka mto. Shaaban Robert mwenyewe, katika mwaka 1954, alitoa kitabu alichokiita Kielezo cha Insha, wala hapana aliyemlaumu kwa kutoa kielezo. Ubaya si kuwapo kwa fimbo. Ubaya ni kwamba mwanafunzi amefundishwa kuishika fimbo, lakini hakuonyeshwa ng'ambo anakokwenda.

Dalili ya ubaya huo ni rahisi kuiona. Hotuba nyingi za shuleni zaweza kuondolewa itifaki na shukrani, na kilichobaki kikasomwa kama insha ya kawaida juu ya faida za miti au madhara ya dawa za kulevya. Ikiwa wasikilizaji waweza kuondolewa na maneno yasipungukiwe na kitu, basi wasikilizaji hao hawakuwamo tangu mwanzo.

ASILI YA HOTUBA KATIKA KISWAHILI

Yafaa ikumbukwe kwamba hotuba haikuletwa na mitaala. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na katika miji ya pwani limetumika kwa karne nyingi kwa hotuba ya Ijumaa msikitini. Hotuba hiyo ina utaratibu maalumu. Khatibu humhimidi Mungu na kumsalia Mtume, huwausia watu ucha Mungu, huketi kidogo baina ya sehemu mbili, kisha humalizia kwa dua. Utangulizi wake haukuwekwa kwa ajili ya mapambo, kwani humweka msemaji na wasikilizaji wake mahali pamoja, mbele ya yule anayewasikia wote.

Bara nako kulikuwa na ufasaha wake. Katika baraza la Wamaasai liitwalo enkiguena, msemaji wa rika, yaani olaiguenani, hujulikana kwa rungu lake. Kazi yake si kuonyesha maneno matamu tu. Hutakiwa awasikilize wengine, ayakusanye yaliyosemwa, na ayafikishe mahali pa mapatano. Akisema maneno ambayo hayakuwagusa waliohudhuria, baraza huwa limeshindwa, kwa maana shauri lililowakusanya litabaki pale pale. Mwanafunzi wa Kajiado ambaye babu yake amepata kuketi katika baraza la namna hiyo haanzi mikono mitupu.

Lakini katika maisha ya umma ya Kenya kumekuwa na mgawanyo usiosaidia shule. Bunge liliruhusu Kiswahili mwaka 1974, na Katiba ya 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, katika sherehe za kitaifa za enzi za Jomo Kenyatta, aliyefariki mwaka 1978, na za Daniel arap Moi, aliyetawala hadi 2002, desturi ilikuwa kusoma hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha karatasi ikawekwa kando na rais akasema na watu kwa Kiswahili. Hapo ndipo watu walipocheka, wakaitikia na kupiga makofi. Hivi ni kusema kwamba hotuba ya Kiswahili iliyo hai ilikuwa ile isiyoandikwa, na ile iliyoandikwa ilikuwa ya lugha nyingine. Mwanafunzi anapotakiwa aandike hotuba kwa Kiswahili, anaombwa aviunganishe vitu viwili ambavyo wakubwa wake walizoea kuvitenga. Vielelezo vya kuandikwa vimo zaidi Tanzania, kwa mfano hotuba za Mwalimu Nyerere zilizokusanywa katika Binadamu na Maendeleo (1974).

FUNZO KUTOKA JULIASI KAIZARI

Nyerere huyo huyo aliwapa walimu wa Kiswahili chombo kingine. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, na toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, likatoka mwaka 1969. Ndani yake mna hotuba mbili zinazotolewa mbele ya umati mmoja, siku moja, juu ya kifo kimoja. Hapana mfano bora kuliko huo wa kuonyesha tofauti baina ya hotuba iliyopangwa vizuri na hotuba iliyoambiwa watu.

Bruto anasema kwanza. Hoja zake zimepangwa sawasawa, kila sentensi ina mwenzake, na umati unamkubali. Lakini anawapa watu sababu zake yeye, kisha anaondoka. Antonio anaanza akiwa dhaifu, mbele ya watu wasiomtaka. Anashuka kutoka jukwaani na kuwaomba wauzunguke mwili. Anawaonyesha joho wanalolifahamu na matundu yaliyotobolewa na majambia. Neno la heshima alilompa Bruto analirudia mpaka linageuka kuwa shutuma. Mwishowe anausoma wosia, na kila raia anajua kwamba amewekewa drakma 75, na kwamba bustani za Kaizari zimekuwa zao. Hapana mtu katika umati ule ambaye hakupewa neno lake.

Bila shaka Antonio ni mlaghai kwa kiasi fulani, na nyumba zinachomwa moto kwa sababu ya ulimi wake. Mwalimu hana budi kulisema hilo pia darasani, kwani anayefundisha nguvu ya hotuba bila kufundisha dhamana yake amefundisha nusu. Hata hivyo kanuni yabaki: msikilizaji aliyetajwa sharti apewe kitu.

MFANO WA NKOROI

Nkoroi ipo upande wa barabara ya Magadi, karibu na Ongata Rongai. Ilikuwa nchi ya malisho. Leo ardhi imegawanywa viwanja, nyumba zimejengwa, na wakazi wengi hutoka alfajiri kwenda kazini Nairobi. Maji ni shida ya kila siku. Watu hutegemea visima virefu vya kuchimbwa na malori ya kuuza maji, na katika sehemu nyingi za Kajiado maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023 uliua mifugo mingi katika kaunti hiyo.

Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kiranja wa shule ya huko ametakiwa awahutubie wazazi juu ya maji. Kwa kawaida ya shuleni, baada ya itifaki ataandika hivi: "Maji ni uhai. Maji yana faida nyingi kwa binadamu. Kwanza, maji hutumika kwa kunywa na kupika. Pili, maji hutumika kwa kufulia nguo." Lugha haina kosa. Lakini ni mzazi gani wa Nkoroi asiyejua kwamba maji hutumika kwa kupika? Mzazi huyo amelipia lori wiki iliyopita. Kuambiwa faida za maji ni sawa na mwenye njaa kuelezwa faida za chakula.

Itazamwe sasa hotuba ya pili, nayo ni ya kubuniwa vilevile: "Wazazi wetu, kila asubuhi tunakuja na chupa za maji mlizotujazia. Ikifika saa sita hazina kitu. Paa la bwalo letu ni kubwa, na mvua ikinyesha maji yote yanakwenda barabarani. Mwalimu mkuu, tunaomba paa hilo liwekwe mabomba ya kukingia maji kabla ya mvua za vuli. Baba zetu na mama zetu mlio mafundi, tunawaomba siku moja ya Jumamosi. Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, tunaomba tangi. Wanafunzi wenzangu, kuyasafisha mabomba ni kazi yetu, wala tusimwachie mtu."

Tofauti ya hotuba hizi mbili si ya ufundi wa maneno. Msamiati wa hotuba ya pili ni mwepesi kuliko ule wa kwanza, wala haina methali hata moja. Nguvu yake ni kwamba itifaki imegeuka kuwa mpango wa hotuba yenyewe. Kila aliyetajwa mwanzoni amerudiwa ndani, akapewa ombi lake. Sentensi ni fupi kwa kuwa sikio haliwezi kurudi nyuma kama jicho linavyorudi katika ukurasa. Hoja ya kwanza ni jambo ambalo wasikilizaji wanaweza kulishuhudia, na ya mwisho inamfunga msemaji mwenyewe, ili asionekane kuwatuma wengine.

PINGAMIZI MOJA

Huenda ikasemwa kwamba katika chumba cha mtihani hamna wazazi wala mwakilishi wa wadi. Msikilizaji ni mtahini peke yake, naye anatafuta muundo. Pingamizi hili lina uzito, hasa kwa mwalimu mwenye darasa kubwa na marundo ya madaftari. Lakini swali la hotuba kwa kawaida humpa mtahiniwa nafasi ya kusema na kumtajia hadhira. Mtahini, basi, haulizi kama mtahiniwa anajua orodha ya vyeo. Anauliza kama anaweza kuwaona watu wasiokuwapo na kusema nao. Anayeweza hilo hapotezi alama za muundo, kwa kuwa muundo wake una kazi.

HITIMISHO

Marekebisho yanayohitajika ni madogo, wala hayangoji mtaala mpya. Kabla ya kuandika, mwanafunzi aulizwe maswali matatu: ni nani watakaosikia, wanajua nini tayari, na wafanye nini wakitoka hapo. Baada ya kuandika, aisome hotuba kwa sauti mbele ya wenzake, kila mmoja akiwa ameshika nafasi ya mtu aliyetajwa katika itifaki. Yule ambaye hakupata neno lake ainue mkono. Mikono ikiinuka mingi, hotuba iandikwe tena.

Kinachoshindaniwa hapa kimezidi alama 20. Kijana wa Nkoroi atakapokuwa mtu mzima ataketi katika mikutano ya ardhi, ya maji na ya shule, na huko hapana mtahini. Akiwa amezoea kusema bila kumwambia mtu, watasema wengine kwa niaba yake, na shauri litapita.